Maswali ya Wachapaji: Leza Imechoma, Mbona Pleti Inachafua?

Barua nyingi za toleo hili zimehusu pleti za CTP, yaani zile zinazochomwa na leza moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila kupitia filamu. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Jambo moja tulitangulize, maana majibu karibu yote yanalitegemea. Pleti ni bati jembamba la alumini, unene wa milimita 0.15 hadi 0.4. Uso wake umekwaruzwa kwa umeme na asidi ili ushike maji, ukajengewa tabaka gumu la oksidi, kisha ukapakwa dawa inayoguswa na leza. Dawa ndiyo inayopokea wino, na alumini iliyo wazi ndiyo inayopokea maji. Kwenye pleti pozitivu, leza hupiga mahali pasipo na picha na devilopa (kemikali ya kuoshea pleti) huondoa dawa iliyopigwa. Kwenye negativu, leza hupiga picha yenyewe, dawa ikakaza, na devilopa huondoa isiyopigwa. Asiyejua pleti yake ni ya upande gani atatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Mstari mmoja wa wino kwenye eneo jeupe

*Fundi, tunatumia pleti pozitivu za joto (zinazochomwa na leza ya infraredi). Kila pleti sasa inatoka na mstari mmoja mwembamba unaoshika wino kwenye eneo lisilo na picha, sehemu ileile. Tumeambiwa kichwa cha leza kimekufa, tununue kingine. Tukubali?* (Mpiga mashine, zamu ya usiku)

Msikubali bado. Kichwa cha leza hakichomi kwa mwali mmoja. Huchoma kwa miali mingi inayokwenda bega kwa bega, silinda ikizunguka na kichwa kikisogea pembeni mkupuo mmoja baada ya mwingine. Chukulia kichwa chenye miali 64 kwa msongamano wa nukta 2400 kwa inchi. Kila mwali una upana wa milimita 0.0106, kwa hiyo mkupuo mzima ni kama milimita 0.68. Mwali mmoja ukifa, pozitivu yako itatoka na mistari myembamba ya wino kila baada ya milimita 0.68, pleti nzima, kama kitambaa cha mistari. Mstari mmoja peke yake hauna tabia hiyo. (Kwa mwenye negativu ni kinyume: mwali uliokufa huacha mistari myeupe ndani ya picha.)

Anzeni na lenzi ya mara 10. Mkiona mkwaruzo uliochimba alumini, tafuteni kinachokwaruza: ukingo wa meza, kibano, punje ngumu kwenye rola. Mkiona dawa imebaki kama utepe, basi ama leza haikufika pale ama devilopa haikufanya kazi pale. Ili kutenganisha hayo mawili, choma pleti mbili za kazi ileile. Moja ipitishe kwenye prosesa (mashine ya kuoshea pleti kwa devilopa) kama kawaida, ya pili igeuze nyuzi 180, mkia utangulie. Mstari ukihamia upande wa pili wa picha, kosa ni la prosesa. Ukibaki palepale kwenye picha, rudi kwenye mashine ya leza. Na kama mstari unaonekana kwenye karatasi lakini pleti ni safi, hamisha pleti hiyo kwenye yuniti nyingine ya mashine ya kuchapa kabla ya kumlaumu mtu wa pleti.

Kwa maelezo yenu tunashuku prosesa, hasa tundu lililoziba kwenye bomba linalomwaga devilopa. Utepe ulio chini ya tundu hilo hupata devilopa iliyochoka tu. Toa bomba, lisafishe kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, kisha kagua rola za kukamua kama zina chembe za gamu (utomvu unaopakwa kulinda pleti) au devilopa iliyokauka. Kazi ya saa moja, na ni nafuu mno kuliko kichwa kipya.

Kosa linaloonekana kama doa la mviringo ni jambo jingine. Mara nyingi ni punje ya vumbi au kipande cha karatasi ya kutenganisha pleti kilichonaswa kati ya pleti na silinda. Pleti huinuka kidogo pale, fokasi ya leza ikapotea. Futa silinda kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Neno la tahadhari: msizime swichi ya mlango ili kuangalia kichwa kikifanya kazi. Mwanga wa nanomita 830 hauonekani, jicho halipepesi kujikinga, na kilichoungua nyuma ya jicho hakiponi.

Eneo tupu linashika wino

*Ndugu Mhariri, pleti ikitoka prosesani ni safi kwa macho. Baada ya karatasi mia kadhaa eneo tupu linaanza kupata wingu la wino. Nimeongeza maji, nimebadilisha wino, nimeongeza nguvu ya leza. Hakuna lililosaidia.* (Msimamizi wa chumba cha uchapaji)

Umebadilisha mambo matatu kwa mpigo, sasa hata ukipona hutajua dawa ipi iliyokuponya. Rudisha kila kitu mahali pake, kisha tufuate njia hii.

Kwanza simamisha mashine na ufute eneo lenye wingu kwa sponji yenye maji tupu. Kama wingu linafutika mara moja na pleti inabaki safi, pleti haina kosa. Wino umevunjika na kuchanganyika na maji ya fauntini (yanayolowesha pleti mashineni), na tiba iko kwenye wino, rola na maji. Pima: kwa mashine nyingi za karatasi moja moja, pH hutakiwa kuwa kati ya 4.8 na 5.3, na joto la maji nyuzi 8 hadi 12. Kama wingu limeng'ang'ania na linatoka kwa dawa ya kusafishia pleti tu, endelea.

Pili, dondoshea asetoni tone moja kwenye eneo tupu la pleti mpya iliyotoka prosesani na bado haijapanda mashine. Acha likauke. Likiacha duara lenye rangi ya dawa ukingoni, dawa imebaki. Jicho haliwezi kuiona, lakini wino unaijua. Lisipoacha duara, kosa liko baada ya prosesa, yaani kwenye gamu, uhifadhi au mashine.

Dawa ikibaki kwenye pleti pozitivu, sababu ni mbili tu: leza haikutosha au devilopa haikutosha. Hapa ndipo wengi wanapobahatisha. Choma pleti moja yenye vipande vya nishati vinavyopanda hatua kwa hatua, kwa mfano milijuli 60 hadi 160 kwa sentimita ya mraba, kila kipande kikiongezeka kwa 10. Iendeshe prosesani na utafute kipande cha kwanza ambacho asetoni haiachi duara. Tuseme ni 90. Nishati ya kazi iwe juu ya hapo kwa asilimia 20 hadi 30, yaani kama 110 hadi 115. Kufanya kazi kwenye ukingo wa 90 ni kujitafutia wingu kila devilopa inapochoka kidogo. Kupita kiasi nako si bure: mwanga unaomwagika pembeni hula nukta ndogo, na leza huchoka mapema. Kumbuka pia kwamba nishati inayoifikia pleti hutegemea nguvu ya leza na kasi ya silinda kwa pamoja. Fundi akiongeza kasi ili pleti zitoke haraka bila kuongeza nguvu, ameipunguza nishati bila kujua.

Kama hata milijuli 160 haisafishi, iache leza. Tatizo ni devilopa. Devilopa ya pozitivu za joto ni alkali kali, pH yake karibu 13, na adui yake mkubwa, hata pleti zisipopita, ni hewa. Kaboni dioksidi huingia kwenye tangi na kuidhoofisha alkali mchana na usiku. Ndiyo maana prosesa ina aina mbili za ujazilizo (kuongezewa devilopa mpya): moja kwa kila mita ya mraba ya pleti inayopita, nyingine kwa kila saa inayopita hata kama mashine imelala. Wengi wameweka ile ya kwanza tu. Vyumba vyenye kazi chache ndivyo vinavyoumia zaidi, kwa sababu devilopa inazeeka bila kutumika.

Usidanganywe na kipimo cha upitishaji umeme peke yake. Devilopa iliyojaa kaboneti na dawa iliyoyeyuka inaweza kuonyesha namba nzuri na bado ikawa imechoka. Kipimo cha kuaminika ni ukanda wa vipimo unaochomwa kwenye kila pleti, pamoja na tone la asetoni asubuhi. Joto la devilopa liwe lile la karatasi ya mtengenezaji, mara nyingi nyuzi 22 hadi 25, lisicheze zaidi ya nyuzi moja. Lipime kwa kipimajoto kilichotumbukizwa tangini, usiamini kioo cha prosesa. Muda wa pleti kukaa kwenye devilopa ni sekunde 20 hadi 30 kwa nyingi. Mwaga tangi lote, suuza na ujaze upya kwa muda uliopangwa na mtengenezaji au kwa mita za mraba zilizopangwa, kimojawapo kitakachotangulia.

Tahadhari ya upande wa pili: fundi akiona wingu, hupandisha joto la devilopa. Wingu litaondoka, ndiyo, lakini devilopa yenye moto hula na picha pia. Nukta za asilimia 1 hadi 3 zinatoweka, na sehemu zilizojaa wino zinaanza kuchakaa mapema. Umeondoa kosa linaloonekana ukaleta lisiloonekana.

Sasa kama asetoni ni safi. Angalia gamu. Gamu hufunika alumini iliyo wazi isipate oksidi. Ikiwa nyembamba mno, au rola ya gamu haigusi upande mmoja, alumini hujeruhiwa na unyevu na kuanza kushika wino. Dalili yake ni vijidoa vidogo sana vilivyotawanyika, mara nyingi kwenye pleti iliyoachwa na matone ya maji juu yake wakati mashine imesimama. Ukisimama zaidi ya nusu saa, paka gamu, ukauke, ndipo uende zako. Oksidi ikishachimba, hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha pleti hiyo. Choma nyingine.

Ya joto au ya urujuani?

*Tunafungua kiwanda kidogo. Muuzaji mmoja anasifu leza ya joto, mwingine ya urujuani. Tofauti ni nini hasa?* (Dada mjasiriamali)

Dada, leza ya joto hutoa mionzi ya infraredi ya nanomita 830, ya urujuani hutoa mwanga wa nanomita 405, jamii ileile ya diodi zinazosoma diski za Blu-ray. Pleti ya joto huhitaji nishati nyingi, kama milijuli 100 kwa sentimita ya mraba. Ya fotopolima (dawa inayokazwa na mwanga) ya urujuani hutosheka na sehemu ya elfu ya hiyo. Kwa hiyo leza ya urujuani ni ndogo, rahisi, na hudumu. Lakini pleti yenye usikivu huo huharibiwa na taa ya kawaida ya chumba, hivyo lazima uifanyie kazi kwenye taa ya manjano na madirisha yazibwe. Prosesa yake nayo ina hatua zaidi: kupasha moto kwa nyuzi 100 na kitu, kuosha tabaka la juu, devilopa, maji, gamu.

Pleti ya joto ina sifa tunayoipenda: chini ya kizingiti cha joto hakuna kinachotokea. Mwanga hafifu wa pembeni hauiumizi, ukingo wa nukta unatoka mkali, na matokeo ya leo yanafanana na ya jana. Kwa kazi za rangi nne, picha na vifungashio, tungechagua ya joto. Kwa magazeti na kazi za maandishi zenye pleti nyingi kwa siku, ya urujuani ina hoja. Ipo na njia ya tatu: mashine zinazochoma pleti za kawaida za UV kwa mwanga wa dijitali. Zinamfaa mwenye uhakika wa kupata pleti hizo siku zote.

Kabla ya kulipa, usiulize bei ya mashine peke yake. Uliza bei ya pleti na dawa kwa mita ya mraba, na nani atakayekuja leza ikigoma.

Tumeacha filamu, rangi zimebadilika

*Fundi, kazi ileile tuliyokuwa tukiichapa kwa filamu, sasa kwa CTP inatoka nzito, nyuso za watu zinaiva mno. Wenzetu wa kiwanda jirani wanasema yao imekuwa nyepesi. Nani mwenye kosa?* (Mtu wa pre-presi, yaani maandalizi kabla ya kuchapa)

Hakuna mwenye kosa. Ninyi bila shaka mlikuwa mkitumia filamu pozitivu, wao negativu. Kwenye pozitivu ya zamani mwanga ulipenya chini ya ukingo wa filamu na kuila nukta, asilimia kadhaa katikati ya toni. Kwenye negativu mwanga huohuo uliinenepesha. CTP haifanyi lolote kati ya hayo, huweka nukta karibu kama ilivyo kwenye faili. Kwa hiyo ninyi mmerudishiwa kilichokuwa kikiliwa, wao wamepokonywa kilichokuwa kikiongezwa. Msianze kurekebisha picha moja moja kwenye kompyuta. Rekebisheni toni mara moja, kwenye RIP (programu inayogeuza faili kuwa nukta za leza).

Utaratibu ni huu. Choma pleti zenye ngazi za toni 0, 2, 5, 10, 20 na kuendelea hadi 100, bila jedwali lolote la marekebisho. Pima pleti kwa kisomaji cha pleti chenye kamera. Densitometa (kipima uzito wa wino) ya karatasi itakudanganya juu ya alumini. Andika namba, hizo ndizo namba za msingi za pleti yako. Kisha chapa kwenye karatasi na wino wa kila siku, mashine ikiwa na afya: blanketi (mpira unaohamisha wino kutoka pleti hadi karatasi) zuri, rola zilizopangwa, wino wa sehemu iliyojaa ukiwa kwenye kiwango chako cha kawaida. Chukua karatasi kadhaa za katikati ya mbio, ziache zikauke, zipime.

Tuseme ngazi ya 50 imechapika 70. Ongezeko ni 20. Kiwango cha kimataifa cha uchapaji, ISO 12647-2 ya 2013, kinataka ongezeko la 16 katika 50 kwa karatasi yenye mpako, yaani 50 ichapike 66. Tazama kwenye vipimo vyako ni ngazi ipi iliyochapika 66. Tuseme ni 46. Basi jedwali liandike: faili ikisema 50, pleti ipate 46. Fanya hivyo kwa kila ngazi, lainisha mstari usiwe na kona, choma tena, chapa tena, hakiki. Karatasi isiyo na mpako iwe na jedwali lake, lengo ni 22. Anayetumia jedwali moja kwa karatasi zote atapata kazi moja nzuri na tatu mbaya.

Wapo wanaoweka majedwali mawili, la kwanza la kunyoosha pleti na la pili la mashine ya kuchapa. Kwa pleti za joto, ambazo tayari ziko karibu na mstari ulionyooka, tunaona la kwanza halina kazi. Kila jedwali hula ngazi za toni, na ngazi si nyingi kama watu wanavyodhani. Kwa nukta 2400 za leza kwa inchi na mistari 175 ya nukta za picha kwa inchi, chumba kimoja cha nukta kina vijisehemu 13.7 kwa 13.7, jumla kama 188. Nukta ya asilimia 1 hapo ni vijisehemu viwili tu vya leza. Ndiyo maana ndiyo ya kwanza kupotea devilopa ikichemka. Pleti za urujuani zinazoyumba, hizo zinyooshe kwanza.

Baada ya hapo kazi ya kila siku ni nyepesi. Pima ngazi ya 50 kwenye pleti ya kwanza ya zamu. Ikihama zaidi ya asilimia 1 au 1.5 kutoka namba ya msingi, usiguse jedwali. Kilichohama ni devilopa, joto au leza. Ukirekebisha jedwali ili kufunika devilopa mbovu, siku utakapobadilisha devilopa utakuwa na makosa mawili.

Pleti inayotakiwa kuchapa 100,000 inakufa kwenye 20,000

Swali hili limetoka kwa wasomaji watatu, na wote wamelaumu ubora wa pleti. Tazameni kwanza kwa lenzi mahali picha ilipopotea. Rangi ya dawa ikiwa bado ipo, pleti haikuchakaa. Imepofuka, yaani picha ipo ila inakataa wino, kwa sababu ya gamu iliyokaukia juu yake au chokaa kutoka kwenye maji na karatasi. Isafishe kwa dawa ya pleti, itaamka.

Dawa ikiwa imeondoka kweli, soma mahali ilipoanzia. Ukingo mmoja tu: rola za wino zinakandamiza upande huo. Pima mistari ya rola juu ya pleti, mara nyingi iwe milimita 4 hadi 5 na iwe sawa pande zote mbili. Pleti nzima: mkandamizo wa pleti na blanketi umezidi. Kwa blanketi linalobonyea unatosha kama milimita 0.1, na pakingi (karatasi za kujazia chini ya pleti na blanketi) ipimwe kwa maikromita, isikadiriwe kwa kidole. Nukta ndogo tu, sehemu zilizojaa zikiwa nzima: rudi kwenye devilopa na nishati ya leza.

Wachapaji wa wino wa UV (unaokaushwa kwa mwanga wa UV) wana shida ya ziada. Wino huo na dawa zake za kuoshea vina viyeyusho vinavyokula dawa ya pleti za kawaida. Tumieni pleti iliyoandikwa na mtengenezaji kwamba inahimili UV, au ile inayokubali kuokwa. Kuoka hufanyika kwenye tanuri la nyuzi 230 hadi 250 kwa dakika chache, baada ya kupaka gamu maalumu ya kuokea, kisha pleti huoshwa na kupakwa gamu ya kawaida. Pleti iliyookwa vizuri inaweza kupita chapa milioni. Ukizidisha joto alumini hulainika na bati hukatika kwenye mkunjo. Na si kila pleti inaokeka. Soma karatasi yake.

Pleti zisizooshwa

*Tumejaribu pleti zisizohitaji prosesa. Karatasi za mwanzo zinatoka chafu, na picha kwenye pleti haionekani vizuri. Ni za kweli hizi?* (Fundi mchapaji)

Ni za kweli, ila prosesa haikufutwa, imehamia kwenye mashine yako ya kuchapa. Leza ya joto imekaza picha. Dawa isiyopigwa huvimba kwa maji ya fauntini, wino huing'oa kwa mnato wake, blanketi huibeba na karatasi huondoka nayo. Kwa hiyo mpangilio wa kuanza ndio kila kitu. Shusha rola za maji kwanza, mizunguko 10 hadi 20. Kisha rola za wino, mizunguko michache. Ndipo karatasi. Ukianza na wino, dawa haijalainika, na utaona uchafu mpaka karatasi ya mia. Ukifuata mpangilio, karatasi za kawaida za kutengea mashine zinatosha.

Picha kufifia ni tabia yake, haina dosari hapo. Usitegemee jicho kukagua pleti. Kagua faili kabla ya kuchoma. Jina la kazi na rangi liandike nyuma ya bati. Baada ya kuchoma usiziache kwenye mwanga mweupe zaidi ya saa alizotaja mtengenezaji, wala usizishike kwa vidole vyenye jasho. Zipo pia zinazosafishwa kwa gamu peke yake kwenye kimashine kidogo. Hizo picha yake unaiona, na kwa chumba chenye mashine za zamani zisizotawala maji vizuri tungeanza nazo.

Kwa kifupi

*Naweza kufuta kosa kwenye pleti kwa kalamu?* Unaweza kufuta doa au alama iliyozidi, huwezi kuongeza picha kwa kutegemewa. Futa pleti ikiwa safi na kavu, suuza kwa maji mengi, paka gamu. Soma kibandiko: baadhi ya kalamu na jeli hizi zina asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi bila kuuma mwanzoni na kuharibu hadi mfupa. Glavu na miwani ni lazima, jeli ya kalsiamu glukoneti iwe karibu, na ikigusa ngozi suuza, paka, nenda hospitali hata kama huhisi kitu.

*Pleti inapasuka kwenye mkunjo.* Haijakaa sawasawa kwenye silinda. Kukiwa na nafasi chini ya mkunjo, bati linapinda na kurudi kila mzunguko. Kwa kasi ya chapa 10,000 kwa saa, ni mara 10,000 kwa saa. Hakiki kifaa cha kukunjia, pakingi isiyofika ukingoni au iliyolowa, na usikaze mkia kwa nguvu zako zote.

*Ukingo wa pleti pozitivu unachapa wino nje ya picha.* Leza haikupiga huko, dawa imebaki. Iamuru mashine ichome bati zima, si eneo la picha tu.

*Devilopa ya zamani na pleti zilizotumika tuzipeleke wapi?* Devilopa isimwagwe kwenye mfereji wala isichanganywe na asidi na mtu asiye na mafunzo. Ikusanywe kwenye madumu ya plastiki yenye kibandiko na ichukuliwe na wenye kibali cha taka za kemikali. Isitiwe kamwe kwenye chombo cha alumini: alkali hula alumini na kutoa gesi ya hidrojeni, inayolipuka. Pleti ni alumini safi ya zaidi ya asilimia 99, na kuiyeyusha upya hutumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, kwa hiyo wanunuzi wapo. Zifute wino, ondoa karatasi za katikati, zipange zikiwa zimelala na bila kuchanganywa na chuma, uzipime mwenyewe kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.